Kidole cha Arvid

Tega sikio nikutegee. Nina bwana mnene, uzito wake mara mbili yangu. Ananifuata kila niendako wala hanung'uniki, lakini siku akitaka kunitangulia, ni matanga. Nani huyo? Usiseme mume, hilo nimeshalisikia. Umeshindwa? Basi nipe mji. Fargo? Haya, nimeuchukua. Jibu ni mashine inayovutwa na trekta.

Bwana huyo ndiye ambaye Arvid Tollefsrud alimfunga nyuma ya trekta yake asubuhi moja ya Mei, ampeleke shamba la kaskazini. Ilikuwa mashine ya kupandia ngano, mabawa yake yamekunjwa, na njia ni maili saba za lami. Arvid alikuwa na miaka sabini na tisa. Binti yake Solveig, wa hamsini na mbili, alikuwa amemwambia wakiwa mezani:

"Baba, leo nakufuata na pikapu. Ukisahau kitu, kimoja tu, lami niachie mimi. Wewe utaendesha shambani."

"Sawa," alisema Arvid, akaomba chumvi. Lakini mayai hakuyamaliza.

Akaifuta ile pembetatu ya rangi ya chungwa inayowaambia wenye haraka kwamba huyu hana haraka. Akawasha taa za kumetameta. Akaondoka polepole, mama yake Solveig, Bi Borghild, akimtazama kutoka mlangoni.

Huko kwao, ukikutana na mtu barabarani unainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Asiyeinua husemwa kanisani hadi Krismasi. Lyle Brekke alipita na lori lake, akainua. Arvid akainua. Mambo yalikwenda vizuri.

Kwenye kona ya makaburini, Solveig aliweza kuona mbele ya mashine, na alichokiona hakikumpendeza: pini nene iliyoshika ulimi wa mashine, kile chuma chake cha kuvutwa, kwenye trekta ilikuwa imepanda nusu nzima, na kila shimo la barabara linaipandisha. Simu ya Arvid ilikuwa nyumbani kabatini, mahali ambapo yeye aliamini simu hukaa. Solveig akawasha taa kubwa, akazima, akawasha.

Arvid aliona kiooni. Akainua kidole.

Solveig akapiga honi. Arvid akaona bintiye amependezwa na uendeshaji wake. Akainua viwili, na kwa Arvid viwili ni hotuba. Solveig akatoa mkono mzima dirishani, akaupunga kama anayefukuza nyuki.

"Sasa anazidisha," Arvid alijisemea. Ukoo wao haukuwa wa watu wa mbwembwe.

Kwenye mteremko wa kushukia reli, pini ikaruka. Trekta ikawa nyepesi ghafla, kisha ikavutwa kwa kishindo. Arvid hakukanyaga breki kwa nguvu. Alipunguza mwendo kidogo kidogo, akaingia kando ya lami, akasimama. Hatua arobaini mbele, treni ya nafaka ilikuwa inapita, behewa baada ya behewa.

Solveig akashuka mbio.

"Baba, nimekupungia mpaka bega linauma."

"Nami nimekujibu."

"Umenijibu salamu."

"Sasa mtu akikupungia, umnunie?"

Wakainama pamoja. Ulimi wa mashine ulikuwa unaning'inia kwenye mnyororo wa usalama, na ndoano ya mnyororo ilikuwa imefungwa kwa kamba ya aproni, isije ikachomoka. Arvid aliijua ile aproni. Yeye mnyororo hakuugusa asubuhi ile. Akatia mkono mfukoni, akaikuta klipu ya kuzuia pini, aliyoitia humo aifute matope kabla ya kuichomeka. Mkono akauacha humo humo.

"Klipu itakuwa imekatika," alisema Solveig, pumzi zikimrudia. "Za siku hizi ni kama karatasi, siwezi kukulaumu kwa hilo. Huu mnyororo ndio umetuokoa. Aliyeufunga hivi hajasahau kitu, na lami ni yake. Ni wewe uliyeufunga, baba?"

Arvid alitazama treni. Akainua kidole.

"Kidole si jibu. Nimekuuliza."

Mabehewa yalikuwa mengi. Arvid akayangoja yote, hadi la mwisho lilipopita na kelele ikaisha.

"Mama yako," akasema.