Mulango Mumoja

Mwaka 2004 Mzee Salem alikuwa na famasi tatu mjini, na kompyuta zake ziliunganishwa kwa waya wa simu, siku simu ilipokubali. Programu yao aliiandika mwanawe Azhar kwa lugha ya Python. Mimi niliitwa kuiponya.

Kila ukurasa wa programu uliingia wenyewe kwenye hifadhidata, na swali lake mkononi. Ukurasa wa mauzo uliuliza dawa iliyobaki. Ule wa kutafuta uliuliza dawa iliyowahi kuingia famasi, basi. Chupa ikishauzwa, kioo cha kompyuta bado kinasema: IKO.

"Patron, nyumba gani hii?" nilimtania Azhar. "Milango kila ukuta, hata mbuzi wa jirani ana ufunguo!"

"We andika, wacha kuchekesha."

Fatouma alikuwa muuzaji kwenye famasi ya Kanyosha. Mama yake, Bi Hayat, aliishi kwa insulini. Siku moja kioo kikamwambia IKO Gihosha, kwenye famasi nyingine ya Mzee. Akabeba termosi ya barafu, akavuka mji na vizuizi vyake vya askari, akarudi bila dawa, barafu imekuwa maji.

"We mutoto," akaniambia, "hiyo iko yenu, iko wapi? Mu kichwa yako?"

Nikarudi kwenye kompyuta. Maswali yote nikayang'oa kwenye kurasa, nikayakusanya kwenye faili moja. Ukurasa ukitaka dawa, unaomba pale, na pale panahesabu kilichobaki tu.

"Sasa mulango ni mumoja, dada. Ukiona apana, kaa. Ukiona iko, kimbia."

Malori ya dawa hayakuwa yakifika, kwa hiyo kioo kilijaa APANA. Wateja wakapungua. Mzee Salem akanijia juu:

"Apana haileti mutu! Akikuja kutafuta hii, atanunua hata aspirini. Rudisha iko."

"Mzee, watu watakufa mu njia."

Akamwita mwanawe.

Zamani Azhar angelazimika kupita ukurasa kwa ukurasa, na kwa uvivu ule angesinzia kwenye wa pili. Lakini nilikuwa nimemtandikia kazi yote mahali pamoja. Alifungua faili langu, akabadili mstari mmoja, IKO ikarudi kwenye vioo vyote, akafunga.

"Merci, ndugu. Kweli, mulango mumoja ni rahisi."

Nikairukia simu, nikapiga Kanyosha. Akapokea Odette, muuzaji mwenzake Fatouma.

"Fatouma? Ametoka sasa hivi na termosi, mama yake ameamka vibaya. Lakini usiogope, kioo kinasema iko Gihosha. Si we ulimwambia akiiona akimbie?"