Mchwa Waliohifadhi Blogu

Jumamosi asubuhi Perpétue alikuwa akikoroga chokaa kwenye ndoo, ukuta wa sebule upakwe kabla ya siku ya kumaliza matanga ya mama yake, alipoona mchwa wameandika ukutani. Zilikuwa zile njia za udongo mwekundu ambazo kila nyumba ya Lubumbashi inazo, ila safari hii zilikuwa na herufi na nukta. Akamwita baba yake. Symphorien alivaa miwani, akasoma mistari mitatu, akasema ni makala yake ya mwaka 2010 juu ya kusafisha vichwa vya betri ya gari.

"Acha chokaa kwanza," alisema. "Tungoje bamalize."

Symphorien alikuwa fundi wa redio na inverta huko Kampemba, na kwa miaka tisa aliandika blogu ya ufundi. Mchwa haohao ndio waliomsukuma kuandika. Barua zake tatu kwa ofisi ya umeme ya mtaa zililiwa kabatini mwa ofisi, na kila mara karani alimwonyesha vumbi la barua kwa adabu zote. Barua zilihusu waya uliolegea ukaning'inia kwenye njia ya jikoni kwake, ukigusa bati la jiko kila mvua inaponyesha. Basi akaona heri aandike mahali pasipo na meno, kwenye huduma ya bure ya ng'ambo.

Wa ng'ambo nao hawatulii. Kwanza walifunga huduma ya picha, makala zake zikabaki na visanduku vitupu. Halafu walihamisha maoni ya wasomaji kwingine, asiyaone tena. Mwishowe walitoa notisi: siku thelathini, kila mtu ahamishe vyake. Notisi ilianza kuhesabiwa Januari ile intaneti ilipokatwa nchi nzima kwa siku ishirini. Siku kumi zilizobaki hapakuwa na umeme.

Mkewe, Adolphine, alikuwa amekufa Desemba, mvua ikinyesha, mkono wake kwenye mlango wa bati wa jikoni. Ofisi ilisema haikuwahi kuonywa. Onyo lilikuwa kwenye blogu, pamoja na tarehe yake, na blogu ikafungwa.

Mchwa waliandika wiki mbili, wakianza na makala za zamani. Sebule ilipojaa walihamia ukumbini. Majirani walikuja kusoma, wakivua viatu. Mchimbaji mmoja wa Kambove alinakili makala ya taa za kichwani, na mama muuza samaki kutoka Kasenga alipata habari za friza yake nyuma ya mlango, akashukuru, akaenda zake.

Siku ya kumi na tatu walifikia makala ya waya, pembeni ya picha ya Adolphine. Waliuchora waya wenyewe, na ulegevu wake. Chini yake wakaweka maoni ambayo Symphorien hakuwahi kuyaona. Moja lilikuwa la enjinia Gauthier, mkuu wa ofisi ile ya umeme, na tarehe yake ilikuwa siku kumi na moja kabla ya kifo: "Papa, tulisoma. Ule waya tunaujua. Tosha hii article, ifute, inaogopesha bantu."

Symphorien alikaa chini. Alisema anamchukia yule mtu kwa moyo wake wote, akarudia mara ya pili, na Perpétue akamletea maji.

Gauthier alikuja Jumatatu baada ya kuitwa. Alisoma ukuta taratibu, kofia mkononi.

"Ni mimi njo niliandikaka," alisema. "Na tarehe iko ya kweli. Pole, papa."

"Basi utie mu dossier ya kifo ya Adolphine."

"Dossier inaomba lien, papa, anwani ya intaneti. Ukuta haiko lien."

"Lakini umesoma na macho yako!"

"Nimesoma." Akatoa simu, akaandika anwani ya zamani ya blogu, akangoja, akamgeuzia kioo. Ukurasa huu haupo. "Unaona? Haiko."

Perpétue alimwekea chai kwa sababu ni mgeni. Aliimaliza, akashukuru, akaaga kwa mikono miwili. Akatoka kwa mlango wa nyuma, na alipofika kwenye njia ya jikoni aliinamisha kichwa bila kutazama juu, akapita chini ya waya.