Swali Langu la Jumamosi

Mjomba alinipa mwezi mmoja, mwisho wake Jumamosi saa sita mchana. Pikipiki yake ya zamani, iliyokuwa imelala stoo kwetu tangu sijaanza darasa la kwanza, ama ifike mlangoni kwake kwa nguvu zake yenyewe, ama mnunuzi wa vyuma chakavu aje na mkokoteni aibebe.

"Ikifika, ni yako," alisema. "Isipofika, usinililie. Na fundi asiiguse. Unaitaka wewe, itengeneze wewe. Mama yako anataka stoo yake aweke vitambaa."

"Naitaka kweli," Mama alidakia bila kuinua macho kwenye cherehani. "Panya wameshaanzisha ukoo mle ndani."

Nilicheka. Pikipiki ile nilikuwa nimeitamani tangu utotoni. Taa yake ya mbele ni ya mviringo kama sufuria dogo, na tangi limechongoka nyuma kama tone la maji. Nyumbani tuliiita Ajuza. Mimi sikuwa nimewahi kufungua hata nati moja ya pikipiki. Shule niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kumsaidia Mama kushona. Ila mtu wa cherehani anajua jambo moja: kitu kikikugomea, usikilazimishe. Kiangalie kwanza.

Basi nikatandika shuka kuukuu kwenye sakafu ya stoo. Kila nilichokifungua nilikilaza juu ya shuka, nikakichora umbo lake kwa chaki ya kupimia nguo, na kando yake nikaandika kimetoka wapi. Baada ya siku tatu Ajuza alikuwa amebaki mifupa, na shuka lilikuwa limejaa vyuma kama sokoni. Mama alichungulia mlangoni akashika kiuno.

"Haya. Kuvua nguo umeweza. Kuvisha je?"

Kuvisha nilikuwa najifunza njia panda, kwenye banda la Fundi Swali Moja. Jina hilo alipewa kwa sababu ya sheria yake: kila mtu ana swali moja tu kwa siku, na la pili halijibiwi hata ulie machozi ya damu. "Nikijibu maswali yenu yote," alikuwa akisema, "pikipiki za wateja zitaota majani."

Siku ya kwanza nilimwonyesha nati iliyoganda kwa kutu, nikauliza, "Fundi, hii inafunguka?"

"Ndiyo," akajibu, akageukia kazi yake.

Siku ikawa imekwenda na maji! Tangu hapo nikajifunza kulipika swali langu tangu jioni, nikaligeuza huku na huku mpaka liive. Kesho yake niliuliza, "Nati iliyoshikwa na kutu unaifunguaje bila kuiharibu kichwa?" Hapo fundi alieleza mpaka chai yake ikapoa. Imwagie mafuta ya taa, iache ilale nayo, asubuhi igonge kidogo ubavuni, ndipo uizungushe. Nikafanya hivyo, ikatoka kama jino la mtoto.

Swali kwa swali, Ajuza akaanza kurudi. Kabureta niliilowesha kwenye petroli, nikazibua vitundu vyake kwa unywele wa brashi. Mnyororo niliusugua mpaka vidole vikawa vyeusi, wateja wa Mama wakakataa nisiguse nguo zao. Siku nilipoona cheche ya kwanza ikiruka kwenye ncha ya plagi, ya buluu, nilipiga kelele mpaka Mama akajichoma sindano.

"Umeumwa na nini?"

"Ina umeme, Mama! Ina umeme!"

"Na mimi nina damu!"

Ijumaa alasiri nilifunga nati ya mwisho. Nikatia petroli, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena, na tena. Ya kumi na moja Ajuza akakohoa, akatoa wingu la moshi, kisha akanguruma! Bati za stoo zilitetemeka. Nilimshika Mama mikono tukazunguka naye, yeye akikohoa na kucheka kwa pamoja. Halafu, baada ya kama dakika mbili, mngurumo ukapungua, ukakatika.

Nikangoja kidogo, nikapiga kiki. Akawaka vizuri kabisa. Dakika mbili, akazima. Mara nne, hivyo hivyo. Kutoka kwetu hadi kwa mjomba ni mwendo wa dakika kumi, na katikati kuna kilima.

Jumamosi nilifika njia panda fundi akiwa na kikombe cha kwanza mkononi. Swali langu lilikuwa limeiva: kwa nini inawaka vizuri, kisha inazima kama mtu aliyekabwa? Nilikuwa nimelikariri njia nzima. Nilikuwa nahema na kutabasamu, siwezi kutulia.

"Shikamoo, fundi!"

"Marahaba."

"Habari za asubuhi?"

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakageuza shingo. Fundi akaweka kikombe chini polepole.

"Nzuri sana, mwanangu. Nimeamka salama, ahsante kwa kuniuliza." Akachukua spana yake.

Benchi zima likaangua kicheko. Mwezi mzima nilikuwa naishia kwenye shikamoo, nikijua ninachokilinda. Lakini furaha haina breki.

"Fundi, ile ni salamu!"

"Ina jibu?"

"Ina."

"Basi ni swali."

"Mpe moja la mkopo, mzee," mteja mmoja alinitetea.

"Hapa hakuna swali la mkopo. Aje kesho."

"Kesho itakuwa juu ya mkokoteni!" nilisema.

Fundi alinitazama, na kwa mara ya kwanza nikaona kama sheria yake inamkereketa mwenyewe. "Nenda kamuulize Ajuza," alisema. "Yeye hahesabu."

Nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira. Saa nne ilikuwa imepita. Nikapiga kiki, akawaka, nikahesabu, akazima. Safari hii sikupiga kiki tena. Nilichuchumaa tu, nikimwangalia. Huenda petroli haishuki, nikawaza, nikafungua mfuniko wa tangi nichungulie.

Fsss!

Nikaruka nyuma. Tangi lilikuwa limevuta hewa, kwa pupa, kama mtoto aliyezuiwa pumzi. Nikapiga kiki mfuniko ukiwa wazi. Dakika mbili. Tatu. Tano! Ajuza ananguruma tu. Nikafunga mfuniko, nikahesabu, akazima.

Mfuniko nikaugeuza mkononi, nikakumbuka, na uso ukanichoma kwa aibu. Wakati naung'arisha niliona katundu kadogo katikati, nikadhani kutu imeanza kuula. Nimelelewa na mama ambaye usipoziba ufa utajenga ukuta ni wimbo wake wa kila siku. Kwa hiyo nilikaziba kwa gundi ya chuma, tena kwa ustadi, nikajisifu! Kumbe ni tundu la hewa. Hata dumu letu la maji tumelitoboa tundu la pili juu, maana bila hilo maji hayatoki sawasawa.

"Mama! Sindano nene ya cherehani, haraka!"

"Unashona pikipiki sasa?"

"Naitoboa pua!"

Niliibana sindano kwa koleo, nikaichokonoa ile gundi. Ya kwanza ikavunjika. Mama akanipa ya pili, akaja kunishikia mfuniko mwenyewe. Gundi ikaachia. Nikapuliza, hewa ikapita.

Saa tano na nusu nilivaa kofia ngumu ya binamu yangu, yule aliyenifundisha kuendesha kwa pikipiki yake ya kazi. Mama alifungua geti, akaanza kuomba kwa sauti. Nikatoka.

Dakika mbili zikapita, nazihesabu huku nimeuma meno. Ajuza akasonga mbele. Njia panda nikapita nikibonyeza honi, na benchi lote likasimama, fundi akainua spana juu kama bendera. Kilimani nikapunguza gia, mwili umeinama mbele, nampa moyo: "Twende, bibi, twende!" Katikati ya kilima nikakutana na mtu anashuka na mkokoteni mtupu. Alinitazama, akalitazama tangi.

"Wee! Hiyo si ndiyo mzigo wangu?"

"Ndiyo hiyo! Mzigo wako unakupita!"

Nilifika juu nikipiga vigelegele ndani ya kofia.

Mjomba alikuwa ameshatoka nje kabla sijafunga breki. Alikuwa peku, na sabuni ya kunyolea ilikuwa imemjaa nusu ya uso. Alizunguka pikipiki mara mbili, akaligusa tangi, akaondoa mkono haraka kama limemuunguza.

"Mlio ni uleule," alisema hatimaye. Kisha akanyoosha mkono kwenye usukani. "Shuka kidogo nijaribu."

Sikushuka. Nilishika usukani vizuri zaidi.

"Ni ya nani, mjomba?"

Akanitazama. Povu lilikuwa likimtiririka shingoni. Akacheka, kicheko cha mtu aliyenaswa na maneno yake mwenyewe, akavuta mkono.

"Yako."

"Basi nawa uso," nikamwambia, "halafu panda nyuma."

Akakimbilia ndani kutafuta maji.