Uhamisho Uliotoka Chumba cha Pili

Barua pepe ya kwanza ya mtego haikumnasa mtu. Mtaalamu wa kompyuta aliituma asubuhi kwa watumishi wa ofisi ya elimu ya wilaya, ikiwaambia wameshinda simu mpya katika bahati nasibu, wabonyeze hapa na kuandika neno lao la siri. Mpaka saa ya chai hakuna aliyebonyeza.

"Dogo, kuna tapeli katuandikia," Dereva wa ofisi alimwambia, kikombe mkononi. "Sisi na bahati nasibu wapi na wapi? Mimi hata nikinunua kiberiti, njiti ya kwanza haina kichwa."

Mtaalamu alifurahi, kisha akaingiwa na wasiwasi. Alikuwa ametoka chuoni juzijuzi, na tayari aliwapenda watu hawa kuliko wao walivyomzoea. Kompyuta zao zilihifadhi majina, matokeo na tarehe za kuzaliwa za watoto wote wa wilaya. Zilikuwa pia na kidirisha kilichoomba kila siku zisasishwe, na kila siku kilijibiwa "Nikumbushe kesho". Kompyuta ya Bosi ilikuwa inakumbushwa kesho tangu Mtaalamu akiwa bado mwanafunzi. Mwizi mmoja mwenye akili angetosha kuwamaliza, na mwizi mwenye akili hategi panya kwa kipande cha jiwe.

Basi alirudi chumbani kwake, kilichokuwa zamani stoo ya chaki, akajiuliza watu hawa wanatamani nini hasa. Jibu alikuwa akilisikia kila siku saa ya chai. Walitamani uhamisho.

Aliandika barua ya pili kwa lugha ya ofisi ya juu, kavu na isiyo na haraka: "Ombi lako la uhamisho limekubaliwa. Thibitisha kwa kuandika neno lako la siri hapa chini." Anwani ya mtumaji aliiharibu kidogo makusudi, kwa sababu kwenye mafunzo alikuwa amewaambia waangalie anwani kwanza. Na kwa atakayenasa, alitengeneza ukurasa wenye picha kubwa ya kufuli linalotabasamu na maneno: "Hili lilikuwa jaribio. Usione aibu, tunajifunza pamoja." Kufuli alilichora mwenyewe. Lilimchukua muda mrefu kuliko barua.

Ruhusa alikuwa nayo. Bosi, mkuu wa ofisi, alisema, "Jaribio? Fanya, fanya. Ila mimi lisinihusu." Mtaalamu akamruka Bosi, akawatumia wengine wote.

Wasiowahi kuomba uhamisho waliifuta. Dereva alisema hawezi kuhamishwa hata wakitaka, kwa kuwa gari lenyewe halifiki mbali. Kwenye skrini ya Mtaalamu palionekana mtu mmoja tu aliyeandika neno lake la siri: Karani wa masjala, chumba cha jirani. Mtaalamu aliridhika. Alijua kwamba sasa hivi Karani anatazamana na kufuli linalotabasamu, na kwamba kesho watacheka pamoja. Akafunga mlango, akaenda kusasisha kompyuta za shule moja nje ya mji.

Karani hakuliona kufuli. Picha ilikuwa nzito na mtandao wa ofisi ulikuwa mwembamba. Skrini yake iligeuka nyeupe, ikabaki nyeupe, naye akaamini kwamba hivyo ndivyo kukubaliwa kunavyoonekana.

Kisha akafanya alichokifanya kwa kila barua pepe iliyohusu utumishi. Katika ofisi ile Bosi hakusoma chochote kwenye skrini. Alisema macho yake yalisomea karatasi. Karani alizichapa barua, akazigonga mhuri wa kupokelewa, akaziweka kwenye jalada la Bosi. Barua ya mtego ilipotoka kwenye printa haikuwa tena na anwani ya mtumaji, maana iliangukia nje ya karatasi. Ilikuwa na mhuri. Bosi aliisoma mara mbili, akashusha pumzi, akaandika kibali cha kumwachia Karani aende.

Kibali hicho ndicho Karani alichokosa miaka yote. Mume wake alikuwa mwalimu katika wilaya nyingine, na binti yao aliishi huko kwa baba, karibu na bibi yake. Ofisi ya kule ilishasema zamani kwamba inampokea. Bosi ndiye aliyekataa kumwachia. "Nikikuachia wewe, kesho nitaachia nani?" alimwambia, na mwaka uliofuata akamwambia hivyohivyo. Mtoto alikua akimwita "mama wa likizo", bila ubaya wowote, kama mtu anavyosema "shangazi wa mjini".

Mtaalamu aliporudi kesho yake alikuta viti vimetolewa nje ya masjala, soda na biskuti mezani. Bosi alikuwa amesimama anahutubia.

"Ofisi ya juu ikishasema, mimi ni nani?" alisema Bosi. "Tutakukosa, lakini masjala haitayumba. Nimeshapata wa kushika nafasi yako. Nenda mwanangu, kalee."

Watu wakapiga makofi. Dereva akasema kwa niaba ya madereva, ambao walikuwa yeye peke yake, kwamba Karani hajawahi kumpotezea hata karatasi ya safari, na kwamba asimsahau akifika huko kwa wenye tairi. Karani alicheka huku anafuta machozi, simu sikioni, akiongea na binti yake. "Ndiyo mama. Siyo likizo. Nakuja na masanduku. Yote, ndiyo. Hata ndoo."

Mtaalamu alishika soda aliyopewa, hakuinywa. Aliwaza kunyamaza. Lakini Karani angefika kule, wangeulizia barua ya ofisi ya juu, na ofisi ya juu ingesema haimjui. Huku ameaga, kule hajapokelewa, na mkononi ana karatasi ya kughushi. Watu wakarudi vyumbani mwao. Yeye akamfuata masjala.

"Dada, kwanza badilisha neno lako la siri," alisema.

"La nini tena, mdogo wangu? Mimi naondoka."

"Ile barua ya uhamisho. Haikutoka juu. Ilikuwa jaribio. Niliiandika mimi."

Karani aliendelea kupanga majalada mpaka akamaliza rafu. Kisha akakaa.

"Wewe?"

"Mimi, dada."

"Hapo chumba cha pili?"

"Hapo."

"Uliandika vizuri," alisema Karani. Hakukuwa na kejeli katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuumiza Mtaalamu. "Nilimwambia mtoto, unajua? Amesema mchana akienda shule atawatangazia wenzake."

"Nitampigia mimi. Nitamwambia kosa ni langu."

"Utamwambia nini? Kwamba mama yake alikuwa somo la kompyuta?"

Karani akachukua kibali cha Bosi mezani, akakitazama kama anakiona mara ya kwanza.

"Na hiki? Kimeandikwa na nani?"

"Hicho ni cha Bosi kweli. Saini yake kweli."

"Na kule walishanikubali. Kilichokosekana ni hiki tu." Alikigeuza, akatazama nyuma ambako hakukuwa na kitu. "Naweza kukikunja nikaenda zangu."

"Mimi sitasema neno, dada."

"Najua. Uso wako ndio utakaosema." Akasimama. "Hapana. Siwezi kwenda kuishi na mwanangu kwa karatasi ya kuokota. Twende kwa Mzee."

Bosi aliwasikiliza kalamu ikiwa mkononi. Mtaalamu alieleza yote, mtego, kufuli, mtandao mwembamba, na mara tatu alisema kosa ni lake peke yake. Karani aliweka kibali juu ya meza, akarudi nyuma hatua moja.

"Kwa hiyo ofisi ya juu haijasema kitu," Bosi alisema.

"Haijasema, Mzee," Mtaalamu alijibu.

"Na mimi nimesoma hotuba."

"Umesoma, Mzee. Nzuri sana."

"Usinipake mafuta, bwana mdogo!" Bosi alimgeukia Karani. "Kaa hapo. Andika. Hili tunalifuta."

Mchapaji wa barua za Bosi alikuwa Karani huyohuyo, hakukuwa na mwingine. Akakaa mbele ya kompyuta, akaweka vidole kwenye herufi.

"Yahusu kufutwa kwa kibali," alianza Bosi, akitembea dirishani na kurudi. "Nafuta kibali nilichokutolea, kwa kuwa..."

Karani alichapa mpaka hapo, akasubiri. "Kwa kuwa nini, Mzee?"

"Kwa kuwa masjala ina upungufu wa watumishi."

"Niandike? Asubuhi umesema umeshapata mtu. Ofisi nzima imekusikia."

"Futa. Kwa kuwa kibali kilipatikana kwa udanganyifu."

"Udanganyifu wa nani, Mzee? Nakala itakwenda juu, watauliza."

"Wa..." Bosi alimtazama Mtaalamu. Kama angeandika jina lake, angelazimika kuandika pia kwamba jaribio liliruhusiwa na yeye mwenyewe, na kwamba yeye mwenyewe aliamini. "Wa tarakilishi," alisema kwa sauti ndogo.

"Tarakilishi," Karani alirudia, akachapa bila kupepesa. Kisha sauti yake ikakatika, akavuta kamasi, vidole vikabaki palepale kwenye herufi. "Samahani, Mzee. Endelea. Nakusikia."

Bosi alisimama dirishani. Nje, Dereva alikuwa anarudisha viti ndani.

"Huyo mtoto yuko darasa la ngapi sasa?"

"La tatu."

"Ulipoomba mara ya kwanza?"

"Alikuwa hajasimama dede, Mzee."

Bosi alirudi mezani, akavaa miwani, akasoma kibali chake kama vile kimeandikwa na mtu aliyemzidi cheo. Akakisukuma upande wa Karani.

"Futa hiyo."

"Nifute ipi?"

"Hiyo unayochapa! Mimi sikusaini kwa sababu ya kompyuta. Nilisaini kwa sababu..." Sababu ilimkwepa, akaiacha iende. "Saini yangu ni saini yangu. Barua ya juu ichaneni. Wapigie wa kule, waambie una kibali cha mkuu wako. Jumatatu uwe njiani, kabla sijafikiri."

Karani alifungua mdomo.

"Usinishukuru," alisema Bosi. "Fungua ukurasa mpya. Andika onyo kwa bwana mdogo huyu. Yahusu kuchezea matumaini ya watumishi wa umma."

Hiyo Karani aliichapa haraka, bila kusimama hata mara moja, na palipokosekana neno kali alilitafuta yeye. Akaitoa kwenye printa, akamwekea Mtaalamu kalamu.

"Saini hapa, mdogo wangu, kwamba umeipokea."

Mtaalamu aliisoma yote. Ilikuwa ya haki, kila mstari. Akasaini huku anatabasamu mpaka masikioni, jambo ambalo Bosi aliagiza liongezwe chini kama kosa la pili.