Kiti cha Dorcas kwenye Lori

Dorcas Pybus na Elvie Burgess walisomea uuguzi hospitali moja huko Launceston, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza wakajiunga na jeshi siku moja, wakaondoka Tasmania kwa meli moja. Ufaransa nako, kwenye hospitali ya jeshi, wakapangiwa hema moja. Wenzao waliwaita mapacha wa Tasmania. Elvie alicheka nao, ila jina lilimchoma, maana katika mapacha hao aliyetajwa kwanza siku zote alikuwa Dorcas.

Hata majeruhi wa kwao, vijana wa mashamba ya tufaha ya bonde la Huon, walimtaka Dorcas. Elvie alikuwa akisimama kando ya kitanda na bandeji mkononi, na kijana humwambia kwa adabu, "Usijisumbue, Sista. Namsubiri yule mwingine."

Mwezi Machi, wakiwa mezani wanakunywa chai, Matroni, mkuu wa wauguzi, alisema kituo cha majeruhi karibu na mstari wa mbele kinataka muuguzi wa chumba cha upasuaji. Angekwenda Dorcas. Elvie alikuwa wa kwanza kumkumbatia.

"Hongera, shoga yangu."

"Mbona wanibana hivyo? Utanivunja mbavu," Dorcas akacheka, kisha akakohoa.

Kesho yake Elvie alimkuta nyuma ya hema la kufulia, ameketi juu ya sanduku, kashika ubavu, pumzi inamjia kwa shida.

"Usimwambie mtu, Elvie. Wakijua hawaniachi niende."

"Nimwambie nani mimi?"

Akaenda moja kwa moja kwa Matroni. "Nina wasiwasi na Dorcas," alisema, na sauti yake ilikuwa ya huruma kweli. Lakini njia nzima hakuyafikiria mapafu ya mwenzake. Alifikiria lori la kwenda kituoni, na nani angeketi mbele karibu na dereva.

Daktari alikuta kichomi, pafu moja limejaa maji. Dorcas akalazwa. Kwenye lori akapanda Elvie.

Aliporudi, miti ilikuwa imeshachanua. Dorcas alikuwa juani kwenye kiti kirefu, amekonda, blanketi miguuni, anasubiri meli ya kumrudisha nyumbani.

"Daktari anasema ningekwenda kule ningekufa," Dorcas alisema. "Ati umeniokoa."

Elvie akainama kuliweka blanketi sawa.

"Usinitazamie shukrani. Nilikuona ulivyonikumbatia siku ile."

"Sikutazamii kitu."

"Basi keti. Nieleze kule kukoje."

Elvie akaketi, akaanza kwa mkato. Kituo kilikuwa matope matupu. Machela zilipangwa nje hadi barabarani. Daktari mpasuaji hakuwa mtu wa maneno.

"Alikuacha ushone?"

"Mara nyingine."

"Ushone nini?"

"Tumbo. Majeruhi walipozidi, akaniachia nifunge mwenyewe."

Vidole vya Dorcas vilikamata blanketi. Macho yake yalimganda Elvie mikononi, na Elvie aliyajua macho yale. Ndiyo aliyokuwa akimtazama nayo Dorcas miaka yote. Angeweza kukomea hapo. Angeweza kusema kwamba usiku alilia, kwamba zaidi ya nusu ya aliowashona hawakuamka.

"Mara moja," akasema, akisogeza kiti karibu, "akawaambia madaktari wenzake, niachieni huyu Mtasmania, msinipe mwingine."

Hilo daktari hakulisema kamwe.

"Endelea," Dorcas alisema.

Na Elvie akaendelea.