Raha kwa Kunakili

Kazini kwetu, kiwanda cha biskuti, sisi waonjaji hatumezi. Tunatafuna biskuti, tunatema kwenye bakuli, tunasukutua, kisha tunazungushia neno moja kwenye fomu: RAHA au KARAHA. Ikifika saa nne bakuli limejaa uji wa kahawia wenye povu la mate. Mle chumbani, hilo bakuli tu ndilo linalonigusa. Linanitia kichefuchefu.

Mwaka mzima nimekuwa nikiibia majibu. Sukari naijua, siagi naijua, chumvi ikizidi punje nitakwambia. Ila raha yenyewe haiji. Basi namtazama Tumbo, mwenzangu wa meza ya pili. Akifumba macho, nazungushia RAHA. Akikunja uso, KARAHA.

Sikuzaliwa hivi. Labda ni shangazi aliyenilea, ambaye kila nikicheka aliniuliza meno hayo namwonyesha nani. Labda ni miaka mitatu ya kulala na simu usoni, na kula peke yangu, wima, mbele ya sinki. Sijui. Najua tu kwamba dada alipojifungua alinipakatisha mwanawe, akangoja nitabasamu, nami nikanusa maziwa yaliyochacha kwenye mikunjo ya shingo ya mtoto. Dada akamchukua mwanawe.

Leo Tumbo hakuja. Msimamizi wetu, mama mwenye ulimi wa wembe, alileta biskuti zilizorudishwa na maduka. Nikalamba moja tu, nikamwambia mafuta yameoza. Akabisha, akapeleka maabara, ikawa kweli. Akanisifu mbele ya wote: kuanzia Jumatatu nihamie chumba cha marejesho, nionje vilivyooza tu, na mshahara utapanda.

Wenzangu wakapiga makofi.

"Mama, usinipeleke," nikamwambia. "Huko nitafaa mno. Karaha tu ndiyo ninayoisikia."

"Kufaa nako siku hizi ni ugonjwa?"

"Sisikii raha ya kitu chochote. Fomu zangu zote za mwaka huu nimemnakili Tumbo."

Makofi yakafa. Msimamizi akanivua aproni kwa mikono yake, kama anayemvua mtoto nguo iliyotapikiwa. Akasema kazi ya kuonja sina tena, na kwamba zahanati ya kiwanda inafungwa saa nane.

"Kamwambie muuguzi hivyo hivyo, mwanangu. Usipambe."

Nilikwenda zahanati kabla ya saa nane. Nilijichukia njia nzima, lakini mlango niliugonga.