Sweta ya Katibu

Shemeji alikuwa na mdomo, hilo halina ubishi. Akianza kusifia bidhaa, mnunuzi anatia mkono mfukoni kabla hajaulizia bei. Ndiyo maana Mama Waya, fundi mwenyewe, walipovuka mpaka na maboksi yao kwenda kuuza kwenye nchi ya mafuta, alimwachia shemeji yake huyu maneno. Mwenyewe alibeba bisibisi.

Kifaa chao kilikuwa kijisanduku kama kipande cha sabuni. Unakifunga kwenye kiyoyozi, kinapima joto la chumba, na chumba kikishapoa kinaipumzisha mashine. Umeme unaoliwa unapungua karibu nusu. Mama Waya ndiye aliyekibuni, na watu kumi na mmoja wa karakana yake wakakiunda kwa mikono yao. Lakini nyumbani wateja walikuwa wamekauka. Wakirudi bila oda, karakana inafungwa mwisho wa mwezi, na ni yeye atakayesimama mbele ya wale kumi na mmoja kuwaambia. Asubuhi ya miadi hata chai ilimshinda.

Aliyewapokea alikuwa mkurugenzi wa jengo moja la serikali, mzee mpole asiye na haraka. Nje jua linachoma, ndani meno yanagongana. Shemeji akachomeka mita yake ya kupimia umeme, akapiga domo dakika ishirini nzima: bili itashuka hivi, bili itakatwa vile. Mkurugenzi, maskini, alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bili?" akauliza. "Bili gani, ndugu yangu?"

"Ya umeme, mzee."

"Sisi hapa hatulipii umeme. Mafuta tunayo, mitambo ya kuyachoma tunayo. Tangu niajiriwe sijawahi kuiona hiyo bili."

Jamani! Wiki tatu walikaa wakiandaa maneno, na hakuna aliyekumbuka kuuliza swali hilo moja. Shemeji akaanza kuchomoa mita, domo lote limemwisha.

Wakaaga, wakatoka. Chumba cha nje kilikuwa cha katibu wa mkurugenzi, mama wa makamo aliyevaa sweta nzito na mtandio umemzunguka shingo. Nyuma yake dirisha lilikuwa wazi pe! Juu ya kichwa chake kiyoyozi kinanguruma.

Mama Waya akasimama. Kupita tu hakuweza, ndivyo alivyoumbwa.

"Dada, samahani. Mbona dirisha wazi na mashine inafanya kazi?"

"Ndiyo pona yangu hiyo. Nikilifunga naganda."

"Si uizime?"

"Niizimie wapi? Swichi ya ghorofa nzima ni moja, imo kwenye kabati lile pale, na ufunguo aliondoka nao mzee mmoja aliyestaafu."

"Lini?"

"Mwaka wa ishirini huu."

Mama Waya akajiziba mdomo asicheke. Shemeji akamvuta mkono. "Shem, twende zetu. Tumeshaaibika vya kutosha."

"Subiri kwanza. Dada, niombee ngazi kwa mkurugenzi."

Ngazi ikaletwa. Robo saa tu, kijisanduku kikawa kimefungwa, na Mama Waya akalifunga dirisha. Wakakaa kusubiri. Punde kiyoyozi kikanyamaza, hadi katibu akainua macho juu. Baadaye kikawaka kidogo, kikapumzika tena. Katibu akaufungua mtandio. Saa moja haijaisha, akavua sweta.

Habari ikasambaa. Watu wa vyumba vya jirani wakaanza kuja na mafaili yasiyo na kazi, wakifika hawatoki. Mkurugenzi akatoka kuuliza kulikoni, akamkuta katibu wake mikono wazi.

"Ala! Miaka kumi na tisa, leo ndiyo naiona nguo uliyovaa!"

Watu wakacheka. Katibu hakucheka.

"Mzee, mimi nimeshazunguka hospitali tatu kwa ajili ya baridi hii. Kabatini nyumbani nina dawa za kila rangi. Siku zote nilidhani mwili wangu ndio mbovu."

Mkurugenzi akakitazama kile kijisanduku.

"Yaani mafuta ambayo tungeyauza, tunayachoma kumgandisha huyu mama," akasema polepole. "Mmekuja navyo vingapi?"

"Mia mbili, mzee," Mama Waya akajibu.

"Vyumba viko mia tatu na kumi."

"Vinavyopungua tunaviunda, mzee, tuna watu kumi na mmoja wanasubiri!" akadakia Shemeji, mdomo umemrudia.

Mama Waya aligeukia ukutani, akajifanya anakusanya bisibisi, machozi yanamtiririka. Alipogeuka, katibu alikuwa ameikunja sweta na kuiweka kwenye droo. Akafikiri kidogo, akaitoa tena, akaitia kwenye mkoba wake wa kwenda nyumbani.